Gari la Kutazamwa kwa Mwendo wa Miguu: Maoni Kuhusu Sura ya Magari ya Maiti, ya Zamani na ya Sasa

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajenzi wa bodi, wanafunzi wa usanifu wa magari, wasimamizi wa huduma za mazishi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wengi wetu hulijibu haraka mno: je, magari ya maiti ya zamani yalikuwa na sura nzuri kuliko haya ya leo? Aghalabu jibu huja kabla muulizaji hajamaliza kuuliza, kwamba ya zamani yalikuwa na haiba, na ya leo ni magari ya kawaida yaliyorefushwa na kupakwa rangi nyeusi. Kwa sehemu kubwa nakubaliana na jibu hilo, ila sikubaliani na sababu inayotolewa, kwa kuwa watu husifu nakshi, mapazia na vyuma vya kung'aa, na mimi naona kiini cha jambo hakimo humo. Gari la maiti ni miongoni mwa magari machache mno ambayo kazi yao kuu hufanyika kwa mwendo wa mtu anayetembea, huku watu waliosimama kando ya njia wakilitazama ubavuni tangu linapotokea hadi linapopotea machoni. Gari lililochorwa kwa ajili ya mwendo huo na utazamaji huo hupendeza, liwe la mwaka 1909 au la mwaka huu. Na lile lililochorwa ili lionekane linakimbia hata pale lilipoegeshwa halitapendeza, livishwe pambo lolote litakalovishwa.

Tuanze na magari ya kukokotwa na farasi, kwa kuwa ndiyo yaliyoweka kipimo ambacho bado tunakitumia bila kujua. Gari la maiti la mwishoni mwa karne ya 19 huko Uingereza lilikuwa mara nyingi kasha refu la vioo lililoinuliwa juu ya magurudumu makubwa, jeneza likionekana kutoka pande zote, na mara nyingi juu ya paa na vichwani mwa farasi kulisimamishwa manyoya ya mbuni yaliyotiwa rangi nyeusi, ambayo wingi wake ulitangaza uwezo wa familia. Huko Marekani wajenzi walipenda zaidi mbao nzito, nguzo zilizochongwa na pazia zenye vishada. Kuna majivuno mengi katika mapambo hayo, na sioni haja ya kuyatetea yote. Lakini tazameni umbo lenyewe: lilikuwa refu kwenda juu, wima, lenye pembe zilizonyooka, kwa sababu chombo kinachokwenda kwa hatua za farasi hakishindani na upepo na hakina haja ya kujifanya kinashindana nao. Sakafu ilikuwa sawa kabisa, jeneza likalala sambamba na ardhi, na kila mstari wa bodi ukafuata ulalo ule. Aliyelichora alijua chombo kinabeba nini.

Injini ilipokuja, mashaka yalikuwa mengi na yalikuwa ya haki. Magari ya mwanzo yalinguruma, yalitoa moshi, yaliharibika njiani, na bei yake ilipita kwa mbali ile ya gari la farasi. Na zaidi ya hayo yote, mwendo wa kasi ulionekana kuwa utovu wa adabu mbele ya marehemu. Mazishi ya mwanzo kutumia gari la maiti lenye injini nchini Marekani hutajwa kuwa yale ya Chicago mwaka 1909, na mwaka huohuo kampuni ya Crane & Breed ya Cincinnati ikaanza kuuza gari la aina hiyo kwa yeyote aliyelihitaji. Juu ya paa la gari lile wajenzi waliweka mfano wa kaburi la Scipio, mkuu wa Roma ya kale. Leo tunaweza kucheka kuona kaburi la Kirumi likipita barabarani juu ya injini ya petroli, lakini mimi nalisoma pambo lile kama ombi la radhi: mjenzi alikuwa akiwaambia wafiwa kwamba ingawa farasi hawapo, uzito wa jambo haukupunguzwa.

Ombi hilo la radhi liliendelea kwa muda mrefu. Kwa miongo kadhaa baadaye yalijengwa magari ambayo ubavu wake wote ni mbao zilizochongwa zikaiga pazia nzito lililokusanywa na kufungwa, kila kunjo na kila kishada kikitolewa kwa patasi. Pazia la mbao haliwezi kufunguliwa wala kufungwa, kwa hiyo mtu mkali angeweza kuliita uongo; hata hivyo naliona kuwa uongo uliofanyiwa kazi ya kweli, na ukilitazama kwa karibu unaiona mikono iliyolichonga. Siwezi kusema hivyo kuhusu pambo lililofuata. Mwaka 1938 kampuni ya Sayers & Scovill, nayo ya Cincinnati, ilitoa gari lililoitwa Victoria, ambalo sehemu yake ya nyuma ilifunikwa kwa ngozi ya bandia na kubandikwa ubavuni fito za chuma zilizopinda mfano wa herufi S. Fito zile zilikuwa na kazi halisi katika magari ya farasi ya mtindo wa landau, kwani ndizo zilizokunja na kukunjua paa la nyuma. Katika gari la maiti, ambalo paa lake halikunjwi, zilikuwa kama vifungo vilivyoshonwa kwenye nguo isiyo na matundu. Na ndizo zilizodumu! Pazia la mbao liliachwa, nguzo ziliachwa, kaburi la Scipio liliachwa, lakini fito za landau zimeng'ang'ania hadi leo, nyingi zikiwa juu ya magari ambayo hayana hata mstari mmoja unaohusiana nazo.

Nifike sasa kwenye kipindi ambacho wapenzi wa magari haya hukitamani zaidi, yaani miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1970 huko Marekani. Hapa naomba mafundi wanisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo tofauti ya zamani na sasa inapopata sababu ya kiufundi badala ya kuwa hoja ya mapenzi tu. Cadillac ilikuwa ikitengeneza chasisi maalumu, yaani fremu ya chini yenye injini na magurudumu, kwa ajili ya wajenzi wa bodi, ndefu na nzito kuliko ile ya gari la kawaida, yenye breki, springi na mfumo wa kupoza injini ulioimarishwa, na kuiuza bila bodi ya nyuma. Wajenzi kama Miller-Meteor na Superior, wote wa jimbo la Ohio, waliipokea chasisi ile, wakabakiza uso na boneti, kisha wakajenga karibu kila kitu kuanzia kwenye kioo cha mbele kurudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa takriban mita 4. Kwa kuwa fremu ilibeba mzigo wote, bodi haikuwa na kazi ya kulishikilia gari, na mchoraji alikuwa huru kuweka nguzo, mlango na kioo pale jeneza lilipomtaka aviweke. Ndiyo maana magari yale yanaonekana yametoka katika mkono mmoja kuanzia taa hadi mlango wa nyuma.

Sisemi kwamba kila kilichotoka wakati ule kilikuwa kizuri. Mapezi ya nyuma ya Cadillac ya mwaka 1959, ambayo wakusanyaji huyapenda mno, yalibuniwa wakati wasanifu walipokuwa wamelewa ndege na roketi, na gari la maiti halina haja hata chembe ya kufananishwa na roketi. Linalookoa gari lile ni urefu wake, ambao huyafanya mapezi yenyewe yapoe kidogo. Tena tusisahau kwamba mengi ya magari hayo yalikuwa ya kazi mbili, gari lilelile likimpeleka mgonjwa hospitalini asubuhi na marehemu makaburini jioni, desturi iliyokoma Marekani katika miaka ya 1970 baada ya masharti ya magari ya wagonjwa kukazwa. Sura zao zilibeba alama za mapatano hayo, na wanaoyasifu hawayataji.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1977, General Motors, kampuni mama ya Cadillac, ilipopunguza ukubwa wa magari yake yote makubwa, na chasisi ya wajenzi nayo ikapungua kwa zaidi ya sentimita 30 kati ya ekseli. Lakini kufupishwa si jambo lililoumiza zaidi. Lililoumiza zaidi lilikuja pole pole baadaye, pale fremu iliyo kando na bodi ilipoachwa katika magari ya abiria na bodi yenyewe ikawa ndiyo mifupa ya gari. Mjenzi wa leo hapewi chasisi ya kuijengea; mara nyingi hupewa gari lililokwisha kuchorwa na watu wengine kwa ajili ya matumizi mengine, hulikata katikati, huchomelea kipande cha kulirefusha, huinua paa, kisha hutafuta namna ya kuficha makovu. Na gari alilopewa lina tabia ambazo hawezi kuziondoa. Kioo cha mbele kimelazwa ili kupunguza ukinzani wa upepo. Boneti ni fupi. Uso una taa nyembamba zilizokunjwa kama macho ya mtu mwenye hasira, na grili kubwa ya kuwatisha walio mbele.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi huliona bila kulitambua, nalo ndilo ningependa wanafunzi wakae nalo kwa muda. Tazameni mstari unaopita chini ya madirisha ya magari mengi ya sasa: huanza chini karibu na taa ya mbele na kupanda kadiri unavyokwenda nyuma, na paa hushuka kuukuta, gari zima likawa na umbo la kabari. Mstari huo huchorwa makusudi ili jicho lione kasi. Sasa weka jeneza ndani yake. Jeneza limelala sawa, sambamba na barabara, na mstari wa bodi unapanda nyuma yake, kwa hiyo macho ya mtu aliyesimama kando ya njia huvutwa huku na huku, na gari huonekana kana kwamba limeinama mbele, linaharakisha. Mtu huyo atarudi nyumbani akisema tu kwamba gari halikumpendeza. Katika magari ya fremu mstari ule ulikwenda sawa tangu taa ya mbele hadi ya nyuma, ukakubaliana na jeneza. Mimi husema kwamba ukitaka kulihukumu gari la maiti, usianze na mapambo yake. Piga magoti ubavuni, uangalie kama mstari wa dirisha na kifuniko cha jeneza vinakwenda pamoja.

Na badala ya kukiri tatizo hilo na kulifanyia kazi, wengi wamechagua kulibandikia fito za landau. Leo Cadillac na Lincoln hazitoi tena zile saluni kubwa zilizokuwa msingi wa kazi hii. Lincoln Town Car ilikoma mwaka 2011 na Cadillac XTS ikakoma mwaka 2019, na wajenzi wakahamia kwenye magari ya familia yenye miili mirefu kwenda juu, kama Cadillac XT5. Kimo chake kingeweza kuwa baraka, kwa sababu kinaturudishia ule wima wa gari la farasi. Lakini unapokuta gari la aina hiyo lina paa la ngozi ya bandia, fito za S, na taa za mbele zilizochorwa kama masharubu ya mwanga, unaona zama tatu zikigombania nafasi katika chombo kimoja.

Haki itendeke kwa magari ya sasa, kwa kuwa hakuna msimamizi wa mazishi atakayenisamehe nikiyanyamazia mema yake. Breki zake zinashika. Injini zake hazichemki msafara unapokwenda polepole kwenye jua kwa muda mrefu, aibu ambayo madereva wa zamani waliijua vizuri. Sakafu ya mengi iko chini, na wachukuzi wa jeneza hawalazimiki kulinyanyua hadi kifuani. Naongeza kwamba uhodari wa kupakia haukuanza leo: tangu miaka ya 1920 kulikuwa na meza za kuteleza zilizowezesha jeneza kutolewa kwa mlango wa ubavuni, ili wachukuzi wasimame kwenye njia ya miguu badala ya kusimama kwenye matope ya barabara.

Pia isidhaniwe kwamba kila mahali watu huyalilia ya zamani. Japani ilikuwa na magari ya maiti ya kustaajabisha kuliko yote, yaliyozaliwa katika enzi ya Taisho (1912 hadi 1926), ambapo nyuma ya gari la kawaida hujengwa hekalu dogo la mbao lenye paa la kupinda, nakshi za mazimwi na maua, na dhahabu nyingi. Kwa ufundi wa mikono sijui kinachoyashinda. Hata hivyo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakipungua, kwa sababu familia nyingi hupendelea mazishi yasiyotangazwa, na watu wanaoishi karibu na nyumba za kuchomea maiti hawapendi kukumbushwa kifo kila gari linapopita, kiasi kwamba baadhi ya nyumba hizo zimeyakataza yasiingie. Mengine yamepelekwa Mongolia, ambako yanaendelea kutumika. Hapo tunajifunza kwamba ndani ya swali la zamani na sasa limejificha swali jingine: je, kifo kionyeshwe au kisitiriwe? Mtindo wa landau wa Marekani ulisitiri, vioo vya Uingereza vilionyesha, hekalu la Japani lilisitiri jeneza na kutangaza msiba kwa wakati mmoja.

Mimi ni wa upande wa vioo, na sababu yangu iko katika mifano ambayo dunia nzima iliiona. Daimler DS420, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1968 hadi 1992, iliuzwa pia kama chasisi tupu kwa wajenzi wa magari ya maiti, na kwa hiyo ilibaki na ule uhuru niliousema. Tarehe 6 Septemba 1997, mwili wa Diana ulipotolewa London kupelekwa Althorp, kwenye makao ya familia yake, watu waliojipanga njiani walilirushia gari maua hata dereva akalazimika kusimama kuyaondoa kwenye kioo. Umati ulilifanyia gari lile hivyo kwa sababu jeneza lilionekana. Sidhani kama kuna anayerushia ua ukuta wa ngozi ya bandia. Mwaka 2022 gari la Malkia Elizabeth II lilisanifiwa na Jaguar Land Rover, naye mwenyewe akashauriwa enzi za uhai wake, kwa shabaha iliyotamkwa wazi kwamba watu walione jeneza. Vioo vilikuwa vikubwa mno na ndani mliwekwa taa, kwa hiyo lilipoingia London usiku wa tarehe 13 Septemba, katika mvua, jeneza lilionekana kutoka mbali. Ni gari la kisasa kabisa, halina pambo la kuazima, na naliweka mbele ya magari mengi ya zamani.

Mwaka mmoja kabla, mumewe, Prince Philip, alikuwa amezikwa kwa gari ambalo alilipanga mwenyewe tangu mwaka 2003: Land Rover Defender ya kazi, iliyopakwa rangi ya kijani ya kijeshi, sehemu ya nyuma ikiwa wazi bila paa, na vizuizi vya kulishika jeneza lisisogee. Hakuna kitu kilichoongezwa ili kupendeza, na lilipendeza, kwa sababu Defender ilikuwa na mistari iliyonyooka na sakafu iliyolala sawa. Na kama kuna anayedhani kwamba heshima inahitaji gharama, akumbuke tarehe 9 Aprili 1968 mjini Atlanta, jeneza la Martin Luther King lilipopelekwa kutoka Kanisa la Ebenezer hadi Chuo cha Morehouse juu ya mkokoteni wa shambani uliovutwa na nyumbu wawili. Mkokoteni ule ulichaguliwa kwa maana yake, kwani marehemu alikuwa akiandaa kampeni ya watu maskini alipouawa; lakini kwa macho ya msanifu, ulikuwa vilevile ubao ulionyooka, ukienda kwa mwendo wa miguu, na jeneza likiwa ndicho kitu kirefu kuliko vyote kilichokuwa juu yake.

Nimalizie na magari ya umeme, kwa sababu ndiko wajenzi wengi waliomo humu wanakoelekea. Uingereza imekuwa na magari ya maiti yaliyotokana na Nissan Leaf, na nchini Uholanzi limejengwa la Tesla Model S. Hadi sasa mengi ya hayo yamerithi kabari ileile niliyoilalamikia. Lakini gari la umeme lenye betri zilizotandazwa chini ya sakafu linaweza kutupa kitu tulichokipoteza: jukwaa bapa, zito, lenye uwezo wa kubeba bodi juu yake bila bodi hiyo kulazimika kuwa mifupa. Mtengenezaji akikubali kuliuza jukwaa hilo tupu, kama Cadillac na Daimler zilivyokuwa zikiuza chasisi, mjenzi atarudishiwa kalamu yake. Grili kubwa haitakuwa na kazi, basi iondolewe. Kioo cha mbele kinaweza kusimama tena. Na mstari wa dirisha unaweza kulala.

Litabaki jambo moja ambalo halikuwahi kuwa la msanifu wa bodi hapo awali. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme linatakiwa kutoa sauti ya kuwatahadharisha wapita njia linapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa, na huo ndio mwendo wa msafara wa mazishi tangu mwanzo hadi mwisho. Magari ya abiria yamepewa milio ya kuvuma na kupaa, mingine ikitungwa ili ifanane na vyombo vya anga za juu. Yeyote atakayejenga gari la maiti la umeme atalazimika kuamua wafiwa wasikie nini kwa saa nzima wanapolifuata kwa miguu. Ombi langu kwenu ni kwamba uamuzi huo usiachiwe kiwanda kilichouza gari: mkae na watu wa sauti mapema, kabla bodi haijachomelewa, mtafute sauti ya chini kuliko zote zinazoruhusiwa, isiyopanda wala kushuka zaidi ya kanuni inavyotaka, na mwijaribu mkiwa mnatembea nyuma ya gari wenyewe.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa niko tayari kupokea maswali.